Tajiri wa Ng'ombe Si Mfugaji: Kuhusu Filamu ya Straight Shooting

Straight Shooting (1917) ni filamu ndefu ya kwanza ya John Ford, mwongozaji wa Kimarekani ambaye wakati huo alijiita Jack Ford. Kwa miaka mingi ilidhaniwa imepotea, hadi nakala ilipopatikana Prague katika miaka ya 1960. Tumeitumia katika somo la usimulizi kwa kuwa ni filamu bubu: maandishi ya skrini ni machache, na mwanafunzi hana budi kutafuta Kiswahili chake mwenyewe.

Mgogoro ni wa maji. Thunder Flint, mwenye ranchi, anawazuia wakulima wasifike kwenye kijito ili wahame. Kijana wa mzee Sims anakwenda kuteka maji, anapigwa risasi, anakufa. Cheyenne Harry (Harry Carey), aliyekodiwa na Flint kuisambaratisha familia hiyo, anawakuta wamesimama kaburini. Hapo ndipo filamu inapogeuka, na kwa maoni yetu hapo ndipo penye ubora wake. Carey hafanyi vituko. Anatazama tu, na mtazamaji anajua kwamba kazi ya Flint imekwisha kumshinda.

Upande wa mapenzi umesukwa kwa uzi mwembamba. Joan, binti wa Sims, yuko kati ya Harry na Sam, kijana anayemfanyia kazi Flint, lakini hatuonyeshwi vya kutosha anachokitaka yeye mwenyewe.

Kilichotushtua zaidi ni insha za wanafunzi. Wengi waliandika "vita vya wafugaji na wakulima", na baadhi yao wakamhurumia Flint! Tuliporudi kwenye neno tukaelewa. Katika eneo letu, mfugaji mara nyingi ni yule anayehamahama na mifugo yake akitafuta malisho, asiye na hati ya ardhi. Flint ana ranchi, fedha na watu wenye bunduki. Tunapendekeza aitwe tajiri wa ng'ombe, hata kama kamusi haitaridhika.

Basi tukadhani tumemaliza. Mwanafunzi mmoja akauliza kwa nini tunawaita akina Sims "wakulima" na si "walowezi", ilhali Kiswahili kina neno hilo na tunajua uzito wake. Filamu haiulizi ardhi ile ilikuwa ya nani kabla yao. Sisi pia hatukuwa tumeuliza.