Hesabu ya Kalamu

Imekuwa ada siku hizi, mtu apatapo vipimo vya protini inayowashwa na kuzimwa ndani ya seli, kuvitia katika kompyuta, kutafuta mstari wa grafu unaovipitia vizuri, kisha kutoa kipeo cha Hill, yaani kipimo cha ukali wa mstari huo, na kuridhika. Na ukimwuliza mstari ule umezaliwa na sababu gani, hana jawabu. Archibald Hill alikileta kipeo hicho mwaka 1910 kwa ajili ya himoglobini na oksijeni, wala hakukifanya kiwe badala ya sababu. Ufundi wa kukaa na milinganyo kwa subira mpaka ikiri siri yake unatutoka mikononi, nami nausikitikia.

Tazama kazi ya Jeremy Gunawardena ya mwaka 2005. Ilikwisha kuelezwa, mwaka 2001, kwamba protini Sic1 ya hamira hainaswi ili iangamizwe mpaka ibandikwe fosfeti mahali pasipopungua sita, na ikawa rahisi kuamini kwamba wingi wa mahali ndio ukali wa swichi. Gunawardena alianza na mambo machache: kimeng'enya kibandikaji hubandika fosfeti moja na kuachia, kibanduaji hubandua moja na kuachia, kwa kufuata mpangilio. Mambo yakishatulia, uwiano wa kila hali, yaani protini yenye idadi fulani ya fosfeti, na ile iliyoitangulia hufuata nguvu ya kibandikaji ikigawanywa kwa nguvu ya kibanduaji, na hapo msitu mzima wa milinganyo hufyekeka.

Chukua kalamu, ewe msomaji, na mahali sita palipo sawasawa. Nguvu zikilingana, hali zote saba zina kiasi kimoja, na iliyojaa fosfeti ni moja katika saba. Kibandikaji kikiwa na nguvu maradufu, hali hufuatana 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, jumla 127, na iliyojaa hupita nusu kwa kidogo sana. Kikiwa na nusu ya nguvu, huwa moja tu katika 127. Uzuri ulioje! Lakini kuifikisha asilimia 90 yataka nguvu mara 10, na ukiongeza mahali hata 100, ile 10 haipungui. Kizingiti ni chema. Swichi ni dhaifu.

Ukali wa kweli basi hutoka kwingine. Albert Goldbeter na Daniel Koshland walikwisha kuonyesha, mwaka 1981, kwamba hata mahali pamoja hutosha, vimeng'enya vyote viwili vikiwa vimelemewa na kazi. Wangapi leo, katika wanaoyataja makala hayo, wameifuata hesabu yake mstari kwa mstari?

Enyi walimu wa baiolojia, nawasihi: mwanafunzi asiruhusiwe kuigusa programu kabla hajaipata 127 ile kwa mkono wake.