Gazeti Lililosema Juu Yetu

Katika parokia zetu za Lubumbashi wako vijana wanaoandika historia ya mji, nao hutegemea sana gazeti moja la zamani, L'Essor du Congo. Bidii yao twaisifu. Lakini yafaa kulipima gazeti hilo kabla ya kulisadiki katika yote.

Jean Sépulchre alilianzisha mwaka 1928, mji ulipoitwa Elisabethville. Lilitoka kila siku, kwa Kifaransa, nalo liliandikiwa Wazungu. Mtu mweusi alitajwa humo kama mtenda kazi wa kuongozwa. Si yeye aliyengojewa alifungue asubuhi.

Tukumbuke tarehe 9 Desemba 1941. Wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walikusanyika katika uwanja wa mpira, na askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, msemaji wao, aliuawa pale. Hesabu ya wafu iliyotolewa na serkali na ile ambayo wazee waliwaachia watoto wao hazijapatana hata leo. Kijana anayeandika habari za siku ile kwa magazeti tu, bila kuketi na jamaa za wale waliokuwapo, ameandika nusu.

Hata hivyo tusilionee gazeti. Mwaka 1945 nyumba hiyohiyo ya Essor ilichapa kitabu Dettes de guerre, maana yake madeni ya vita, chini ya uongozi wa wakili Antoine Rubbens. Wazungu wakasoma humo kwamba Kongo iliyochoshwa na kazi za vita yadai haki yake. Lilikuwa neno la ushujaa wakati ule. Humo pia ulitiwa waraka wa makarani wa Luluabourg wa mwaka 1944. Lakini usomeni vema: makarani wale waliomba kutofautishwa na watu wasiosoma. Mchimba shaba hakupata msemaji hata kwao.

Katanga ilipojitenga mwaka 1960, gazeti likaitwa L'Essor du Katanga. Jina liligeuka upesi kuliko desturi.

Katika miaka ya 1970 watu wa Lubumbashi walisoma gazeti lililoitwa Mjumbe. Jina lilikuwa la Kiswahili, lugha ya soko na ya kanisa. Habari zenyewe ziliandikwa kwa Kifaransa, na mama asiyekijua alimwomba mtoto wake wa shule amsomee.