Kiranja na Kitabu cha Mwaka

Katika maandishi yatokayo shuleni mna aina moja ambayo wahakiki huipita bila kugeuza shingo. Nayo ni kitabu cha mwaka, kitungwacho na wanafunzi wa shule za sekondari za Marekani, chini ya uangalizi wa mwalimu, ili kuhifadhi picha, majina na mambo ya mwaka wao kabla hawajaachana. Si hadithi, si shairi, wala si historia kwa maana iliyozoeleka. Walakini kina kanuni zake, lugha yake na upofu wake. Na kitu chenye mambo hayo matatu chastahili kuhakikiwa.

Umbo lake halibadiliki sana toka shule moja hata nyingine. Mbele huwekwa mkuu wa shule na walimu. Kisha hufuata wanafunzi wa mwaka wa mwisho, ambao picha zao ni kubwa kuliko za wadogo zao. Kisha baraza la wanafunzi, vyama, michezo na sherehe. Aghalabu huwamo kura za sifa, ambazo kwazo darasa humtaja atarajiwaye kufanikiwa kuliko wote, na wasia wa mzaha ambao wahitimu huwarithisha wanaobaki. Mwishoni huja matangazo ya maduka na benki za mji, ambayo ndiyo yaliyosaidia kulipa gharama ya uchapaji, na kurasa tupu za kutiliana saini. Kwa mpango huo, mtu akifungua kitabu huona jamii nzima imekaa kwa daraja, kila mmoja mahali pake, kana kwamba haikupata kuwa na ugomvi.

Mwanafunzi wa lugha atavutwa zaidi na maneno yaliyo chini ya picha. Hapo huandikwa jina, kisha vyama na vyeo, na mbele ya kila kimoja tarakimu za miaka: baraza la wanafunzi 3, 4, kwaya 1, 2, 3. Kitenzi hakuna. Kiingereza huvumilia ufupi huo, na Kiswahili pia hakikosi namna ya kuuvumilia. Lakini ajaribuye kuyageuza maneno hayo yawe sentensi kamili ya Kiswahili atakutana na swali asilolitazamia. Kitenzi cha Kiswahili hudai mtenda, hudai wakati, na mara nyingi hudai mtendwa, vyote katika neno moja. Aliongoza? Aliwaongoza nani, wakaenda wapi? Kitabu hakijibu. Kimetaja cheo, kikanyamaza juu ya tendo.

Si haki, hata hivyo, kukilaumu kabla ya kukisifu. Katika shule ya shamba, yenye wanafunzi wachache, kitabu hiki hufanya wema ambao gazeti la mji haliufanyi: humtaja kila mtu. Mtoto wa mkulima ambaye jina lake halitachapwa tena mpaka siku ya tangazo la maziko yake, humo ana picha na jina sawa na mtoto wa mwenye benki. Na wema huo huongezeka shule inapokufa. Katika mwaka wa 1939–40 Marekani ilikuwa na mamlaka za shule zaidi ya 117,000. Kufikia 1980 zilibaki kama 16,000 tu, kwa kuwa ndogo ziliunganishwa na kubwa. Shule nyingi za mashambani zilifungwa katika mwendo huo, na mahali pengi kitabu cha mwaka ndicho kilichobaki kuwa daftari la watu wake.

Basi sifa yake ni kuhifadhi majina. Kasoro yake yaonekana vema zaidi kwa msaada wa neno la Kiswahili, nalo ni kiranja. Leo neno hili humtaja mwanafunzi aliyepewa mamlaka juu ya wenzake. Lakini katika jando kiranja alikuwa kijana atanguliaye mbele ya ngariba, wa kwanza kukipata kisu, na wenzake wakamfuata. Maana ya kale ilikuwa ya tendo na hatari. Maana ya shuleni ni ya cheo na amri. Neno ni lile lile, ila kisu kimeondolewa. Kitabu cha mwaka hukijua kiranja cha maana ya pili. Je, kina nafasi ya kiranja cha maana ya kwanza?

Jaribio la swali hili lapatikana katika mji mdogo wa Farmville, katika wilaya ya Prince Edward, jimbo la Virginia, nchi ya wakulima wa tumbaku. Hapo palikuwa na shule ya sekondari ya watoto weusi, Robert Russa Moton, iliyojengwa mwaka 1939 kwa wanafunzi 180. Kufikia 1951 wanafunzi walizidi 450, na wengine walisomea katika vibanda vya mbao vilivyofunikwa kwa karatasi ya lami, ambavyo vilifananishwa na mabanda ya kuku. Wazazi na mkuu wa shule waliomba jengo jipya. Walipewa ahadi, na ahadi haikutimizwa.

Siku ya Aprili 23, 1951, mkuu wa shule aliitwa kwa simu ya hila akaenda mjini. Nyuma yake wanafunzi wote wakakusanywa ukumbini. Pazia lilipofunguliwa hakuonekana mwalimu, bali Barbara Johns, msichana wa miaka 16. Waliombwa walimu watoke. Kisha akawaeleza wenzake hali yao na kuwaita wagome. Wakatoka wote, na mgomo ukaendelea yapata majuma mawili. Barua ya kuwaomba msaada mawakili wa haki za weusi ilitiwa saini na msichana huyo pamoja na Carrie Stokes, aliyekuwa rais wa baraza la wanafunzi. Mawakili walikubali kwa sharti kwamba wasidai jengo tu, bali wadai mwisho wa ubaguzi wenyewe. Mei 23 kesi ilifunguliwa kwa majina ya wanafunzi 117. Iliunganishwa na nyingine nne, na Mei 17, 1954, Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua katika kesi ya Brown kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba.

Msomaji na apime. Serikali ya wanafunzi katika shule nyingi ni mchezo wa kufundishia: kura hupigwa, kikao hufanywa, na yaamuliwayo ni dansi na michango, huku neno la mwisho likibaki kwa mkuu wa shule. Huko Farmville cheo hicho hicho, kilichodhaniwa kuwa pambo, kilitwaliwa kikatiwa maana. Rais wa baraza alipotia saini yake, alilipa baraza kitenzi.

Na tendo hilo lingekaa ukurasa gani katika kitabu cha mwaka? Haidhuru mhariri wake angekuwa hodari kiasi gani, kanuni za aina hii ya maandishi zingempinga mara tatu. Kwanza, kazi ya uchapaji huchukua miezi, hata kitabu kinachogawiwa kabla ya mahafali hufungwa kabla ya mwaka kwisha. Jambo la mwishoni mwa Aprili huwa limechelewa. Pili, picha kubwa ni ya mhitimu. Na Barbara Johns hakumaliza masomo Farmville, kwa sababu wazazi wake walihofia usalama wake wakampeleka kwa ami yake, Montgomery, Alabama. Tatu, kitabu hulipiwa kwa sehemu na matangazo ya wenye maduka, nacho hupenda amani. Kwa hiyo mtu aliyetenda kuliko wote ndiye ambaye umbo la kitabu lina sababu tatu za kutomwona.

Yaliyofuata yalikuwa mazito zaidi. Mwaka 1959 wakuu wa wilaya walikataa kutoa fedha kwa shule zo zote za umma, ili watoto weusi na weupe wasisome pamoja. Shule hizo zilibaki zimefungwa mpaka 1964. Watoto weupe walifunguliwa shule ya binafsi. Watoto weusi yapata 1,700 wakabaki bila shule ya wilaya yao. Kwa miaka mitano shule za umma za Prince Edward hazikuwa na wahitimu wala mahafali, basi hazikuwa na mwaka wa kuandikiwa kitabu. Aina ya maandishi iliyokaa kimya juu ya tendo haikuwa na namna ya kuandika adhabu yake. Barbara Johns baadaye alikuwa mkutubi huko Philadelphia, mtunza vitabu vya wengine, akafa mwaka 1991.

Jambo hili lina maana kwa Afrika Mashariki, iliyorithi viranja wa kuteuliwa kutoka shule za Kiingereza. Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967, alitaka wanafunzi washiriki katika maamuzi ya shule yao. Na Kenya, tangu 2009, imeingiza mabaraza ya kuchaguliwa badala ya viranja wa kuteuliwa. Panapokuwa na uchaguzi, patatakiwa pia kumbukumbu. Shule itakayotunga kitabu cha mwaka yaweza kuchukua wema wa Wamarekani, yaani kumtaja kila mtoto, bila kuchukua ukimya wao. Dawa yenyewe ni ndogo na ni ya kisarufi: chini ya kila cheo pawekwe kitenzi. Aliyekuwa mwenyekiti, alitenda nini? Aliomba nini, akanyimwa na nani? Na asiyekuwa na cheo, je, hakupata kutangulia hata siku moja?

Kitabu kisichoweza kuuliza maswali hayo kitabaki albamu nzuri. Kitakachoyauliza kitakuwa kimemrudishia kiranja jina lake la kwanza.