Jasho la Mjumbe wa Nne

Mtu akiniuliza wiki hii nimeangalia filamu gani, naanza na sura: yule mrefu, yule aliyecheza na nani vile. Jina la filamu huja mwisho, tena mara nyingi likiwa limekosewa. Sikuwahi kulitilia maanani jambo hilo mpaka Jumamosi, nilipoiangalia tena 12 Angry Men na kuona usahaulifu wa namna hiyo ukiwa umeshika roho ya mtu.

Ni filamu ya mwaka 1957, ya kwanza ya sinema kwa mwongozaji Sidney Lumet, kwa mswada wa Reginald Rose. Wanaume 12, wajumbe wa jopo la mahakama wasio na majina ila namba, wamefungiwa chumbani, New York, siku ya joto kali, waamue kama kijana aliyeshtakiwa kumuua baba yake kwa kisu ana hatia. Wote wakisema anayo, anakwenda kwenye kiti cha umeme. Kijana anadai saa ile alikuwa sinema, lakini polisi walipomhoji alishindwa kutaja filamu wala waigizaji. Kwa wengi mezani, hapo kesi imekwisha.

Anayeishika hoja hiyo kwa utulivu kuliko wote ni Mjumbe wa Nne, E. G. Marshall. Ana miwani, tai imekaza, na koti havui. Wenzake wamelowa mashati, yeye mkavu. Mmoja anamuuliza kama hatokwi na jasho kamwe. Anajibu kwa ufupi kwamba hatokwi. Jibu hilo linapita kama maneno ya kupitisha muda, nasi tunalisahau.

Baadaye sana, Mjumbe wa Nane, Henry Fonda, anaanza kumuuliza alikuwa wapi usiku wa jana, wa juzi, na kurudi nyuma usiku mmoja mmoja mpaka ule aliokwenda sinema. Filamu ya kwanza anaitaja sawasawa. Ya pili anakosea neno moja katika jina, na mjumbe mwingine aliyeiona anamsahihisha. Waigizaji anawatafuta kwa taabu. Hakuna anayegombeza. Kamera imemsogelea, na kwenye paji la uso linang'aa jasho. Anatoa leso, anajifuta.

Nilirudisha nyuma kipande hicho mara tatu. Uzito wake uko kwenye mpangilio. Mwanzoni feni ya ukutani ilikataa kuzunguka. Mvua ikanyesha, chumba kikaingia giza, taa zikawashwa, na feni ikaanza kufanya kazi. Ni baada ya hapo ndipo Lumet anamtoa jasho mtu huyu. Angelitoa mapema, tungesema ni joto. Sasa hatuna pa kulisingizia ila swali aliloulizwa, naye, tofauti na kijana, hakuwa na msiba wala polisi mbele yake. Steringi wa filamu hii hana ngumi. Ana maswali machache, na subira ya kungoja majibu.

Kamera nayo ina safari yake. Lumet na mpiga picha Boris Kaufman walianza kwa kuitazama meza kutoka juu kidogo, wakashuka usawa wa macho, wakamalizia chini yake, dari ikawa inaonekana juu ya vichwa. Lenzi pia zilibadilishwa kadiri muda ulivyokwenda, kuta zikaonekana kusogea. Mtazamaji haambiwi lolote, ila pumzi inambana.

Mwisho wa Mjumbe wa Tatu, Lee J. Cobb, haunishawishi kiasi hicho. Anachana picha ya mwanawe, kisha analia. Uso wake ulikuwa umeshatuambia tangu mapema kwamba kesi anayoisikiliza ni ya nyumbani kwake. Ile picha inatueleza tulichokwisha kukiona, na filamu iliyotuamini kwa tone la jasho ilikuwa na haki ya kutuamini na hapo.

Nje, kwenye ngazi za mahakama, lenzi inafunguka tena na wajumbe wawili wanaambiana majina kwa mara ya kwanza. La kijana hatulisikii hata mara moja. Yeye tunapewa uso tu, mwanzoni, kimya, macho yakitazama mbele, na polepole uso huo unafifia juu ya picha ya chumba kitupu ambamo wale 12 bado hawajaingia.