Hesabu ya Meno: Injini ya Pampu Kwenye Fremu ya Pikipiki

Katika mitaa ya Lubumbashi kama Kenya, Katuba na Ruashi, si vigumu kupata fremu ya pikipiki ya cc 125 ambayo injini yake imekufa, wala injini ndogo ya petroli iliyokuwa ikiendesha pampu ya maji, jenereta au mashine ya kusaga mahindi. Kuviunganisha viwili hivi ni wazo linalomjia haraka fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea, na kwa kawaida anaanza na fremu: wapi pa kukata, bamba gani la kuchomelea, tangi likae vipi. Kwa maoni yangu huko ni kuanzia mwisho. Injini hizi huingia kwenye fremu bila taabu kubwa. Kitakachoamua kama chombo kitafanya kazi ni idadi ya meno ya sproketi, kwa sababu anayeitoa injini ya zamani anaitoa pamoja na giaboksi iliyomo ndani ya kasha lake, na injini anayoiweka mahali pake haina gia hata moja.

Tuangalie kinachopotea. Pikipiki nyingi za Kichina za cc 125 zina injini iliyonakiliwa kutoka Honda CG125, yenye farasi-nguvu kama 11 ikizunguka karibu mara 9,000 kwa dakika. Ikiwa gia ya kwanza, mzunguko wa injini hupunguzwa takriban mara 30 kabla ya kufika kwenye tairi; ikiwa gia ya mwisho, takriban mara 12. Kwa upande wa injini za pampu, Honda GX160, ambayo nayo imenakiliwa sana na kuuzwa kwa majina mengi, ina cc 163, lakini hutoa farasi-nguvu 4.8 tu kwa mizunguko 3,600. Nguvu yake ya kusokota inafika newtoni-mita 10.3 ikizunguka mara 2,500. Ukubwa wa silinda humdanganya mnunuzi: cc zimeongezeka, ila nguvu imepungua zaidi ya nusu, na hakuna tena gia ya kusaidia wakati wa kuondoka. Zaidi ya hapo, Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kitabu cha Honda kinasema injini hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, kwa hiyo hapa tunaanza kazi tukiwa tumeshapoteza kama asilimia 14.

Sasa tupige hesabu ya njia rahisi kuliko zote: klachi ya sentrifugali yenye meno 10 inafungwa kwenye shafti ya injini, na mnyororo mmoja unakwenda hadi sproketi ya nyuma yenye meno 45. Mzunguko unapunguzwa mara 4.5 tu. Tairi la nyuma la inchi 18 lina nusu-kipenyo cha sentimita 31 hivi, na kila likizunguka mara moja chombo kinasogea mita 1.93. Kwenye karatasi mwendo unafika karibu kilomita 93 kwa saa, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Nguvu ya kusukuma inayofika chini, baada ya kutoa hasara ya mwinuko na ya mnyororo, ni kama ya kilo 12. Pikipiki yenye dereva na mzigo, jumla kilo 300, inahitaji kilo 6 ili iendelee kutembea kwenye lami tambarare, na kilo 30 kwenye mlima wa asilimia 8. Maana yake chombo hakipandi, na klachi inateleza kila kinapoondoka hadi iungue. Punguza mara 10, na unapata kilo 26 na mwendo wa kilomita 42; bado kilo hizo hazitoshi kwa mlima ule. Punguza mara 15, na unapata kilo 39 na mwendo wa kilomita 28 kwa saa. Hapo mlima unapandwa, na hata tope la mwezi wa kwanza kwenye barabara zisizo na lami linapitika.

Mara 15 haipatikani kwa mnyororo mmoja. Inahitaji shafti ya kati, na kwangu hiki ndicho kifaa kinachostahili muda wote wa fundi. Kutoka kwenye klachi meno 10 yanazungusha meno 40 kwenye shafti hiyo. Upande wake wa pili meno 12 yanazungusha 45 ya nyuma. Nne mara tatu na robo tatu ni 15. Shafti inakaa kwenye beringi mbili za kufungwa kwa bolti, za aina ileile inayotumika kwenye mashine za kusaga, na iko karibu kabisa na mhimili wa mkono wa nyuma ili mnyororo usilegee na kukaza kila tairi linaporuka shimo. Mnyororo wa 428 wa pikipiki na ule wa 420 ina nafasi sawa kati ya pini, milimita 12.7, ila upana haulingani. Ukiuchanganya na sproketi isiyo yake, meno yanaliwa haraka. Jambo moja linaturahisishia kazi: ukiitazama injini hii kwa upande wa shafti yake, inazunguka kinyume cha mshale wa saa. Shafti ikielekezwa kushoto, mahali ulipokuwa mnyororo wa zamani, tairi linakwenda mbele bila gia ya kugeuza.

Uchaguzi wa injini yenyewe una mtego wake. Ya jenereta mara nyingi ina shafti iliyochongoka kuelekea nchani, na klachi haikai juu yake. Tena, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, kidhibiti mwendo chake kimewekwa kwenye mizunguko 3,000. Afadhali injini ya mashine ya kusaga au ya pampu yenye shafti iliyonyooka na ufunguo wake. Ipime kwanza: kuna za milimita 20 na kuna za 19.05, na klachi ya moja haiingii vizuri kwenye nyingine. Kuhusu fremu, ya aina ya CG haina mirija inayopita chini ya injini. Injini yenyewe ndiyo inayoufunga mrija wa mbele na bamba la nyuma. Ukiitoa, fremu imekatika. Bamba la chuma la milimita 6 linalobeba injini mpya lazima lifike pande zote mbili na kubeba kazi hiyo, likiwa na matundu marefu ya kukazia mnyororo.

Kuna wanaosema kidhibiti mwendo king'olewe ili mizunguko iongezeke. Siwezi kukubali. Ndani ya injini hii hakuna pampu ya oili. Kijiko kilicho chini ya konrodi ndicho kinachoirusha. Flaiwili ni ya chuma cha kumimina, nayo ikizidishiwa mwendo inaweza kupasuka katikati ya miguu ya dereva. Kidhibiti kirekebishwe hadi 3,600 na kiachwe hapo.

Hoja nzito zaidi ni hii: kwa nini mtu asinunue injini nyingine ya 125 yenye giaboksi yake? Kwa anayebeba abiria, hoja hiyo inashinda, na hakuna haja ya kubishana. GX160 ikifanya kazi kwa nguvu zote inakunywa lita 1.4 kwa saa. Kwa kilomita 28 kwa saa, hizo ni lita 5 kwa kilomita 100. Taksi-moto haiwezi kuishi hivyo. Lakini mshindani wa chombo hiki ni baiskeli. Makaa yanayopikia bukari (ugali) mjini hutoka kwenye misitu ya miombo, na sehemu yake huja juu ya baiskeli zinazosukumwa kwa mikono. Kwa kazi hiyo injini ya pampu ina sifa ambayo ile ya pikipiki haina: feni yake inaipoza hata kwenye mwendo wa polepole, wakati ya pikipiki inategemea upepo wa safari. Na mwendo mdogo ni usalama pia, maana chombo chenye mwendo wa 28 kina chini ya robo ya nishati ambayo breki zingepaswa kuizima kwenye 60. Hata hivyo klachi huachia injini inapopungua mwendo, kwa hiyo kwenye mteremko breki za ngoma ndizo tegemeo. Zifungwe mpya kabla ya injini kuwashwa mara ya kwanza.

Fakulte ya Politekniki ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi na shule ya ufundi ya Institut Salama wana walimu na karakana za kutosha kujenga chombo kimoja cha namna hii, kukipakia hadi jumla ya kilo 300 na kukipitisha njia ya Kipushi msimu wa mvua, kisha kuwapa mafundi wa mitaani vipimo vya shafti ya kati vilivyojaribiwa. Wafanye hivyo.