Haki ya Bure: Kusoma Warumi Kando ya Masale

Waraka wa Paulo kwa Warumi nimeusoma mara nyingi, ila safari hii niliusoma nikiwa na kesi. Si ya mahakamani, la. Ni ya mpaka wa kihamba huko juu Old Moshi, kati yangu na kaka yangu. Yeye alisogea hatua kama tatu hivi, akang'oa masale yaliyopandwa na babu. Basi fikiria mtu wa namna hiyo, kifua kimejaa, anafungua sura ya 3 akitafuta mistari ya kumpiga nayo mwenzake.

Kwenye Biblia ya Union Version, ile ya 1952 tuliyokulia nayo, nilikwama kwenye maneno mawili tu: kuhesabiwa haki.

Kiswahili kimelitwika neno haki mizigo miwili. Kanisani ni hali ya mtu aliye sawa mbele za Mungu. Mtaani ni kile unachodai: nipe haki yangu! Kigiriki cha Paulo nacho kina neno moja, dikaiosune, lenye mizigo hiyo hiyo. Biblia Habari Njema iliamua kurahisisha, ikaja na kukubaliwa kuwa waadilifu. Inaeleweka upesi, sikatai, na kwa mtoto wa kipaimara ningempa hiyo. Lakini mwadilifu ni mtu wa tabia njema tu. Hakuna anayekwenda barazani kudai uadilifu wake. Kwa hiyo mshtuko wa Paulo unapotea, maana yeye anasema haki, kitu cha kudaiwa, inatolewa bure. Hivi haki inatolewaje bure?

Na hilo kuhesabiwa ni neno la daftari, kama lilivyo kwenye Kigiriki. Huku mlimani tunalijua daftari. KNCU ilianzishwa mwaka 1933, na tangu enzi za wazee wetu watu wamesimama mbele ya mizani ya kahawa wakimtazama karani aandike kilo. Kinachoandikwa ni ulicholeta, basi. Paulo anaanza papo hapo, sura ya 4: mshahara wa aliyefanya kazi si zawadi, ni deni. Halafu anamleta Abrahamu, mtu aliyeandikiwa kilo ambazo hakuzileta. Mkulima wa Kibosho atauliza mara moja: zimetoka kwenye gunia la nani? Nadhani Paulo anataka tuulize hivyo hivyo, kwa sababu sura ya 3 imeshasema kuna aliyelipa.

Kuhusu neema sina mengi. Mwaka wa neema kwetu ni mwaka wa mvua nzuri, na mvua haichagui kihamba.

Ila kuna jambo siwezi kulipita haraka. Old Moshi ndiko Wajerumani walikomnyonga Mangi Meli, tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine. Wamisionari wa Leipzig, watu wa Luther, walikuwa mlimani tangu 1893 wakihubiri neema. Neema ikihubiriwa na watu waliotoka nchi moja na walioshika kamba, msikilizaji ana ruhusa ya kuuliza haki iko wapi. Ndiyo maana namshukuru mfasiri wa Union kwa kutolilainisha lile neno. Limebaki na makali, na aliyedhulumiwa bado anaweza kulishika.

Mimi nililishika. Tatizo ni kwamba sura ya 3 haimwachi mtu yeyote upande wa mlalamikaji. Nilianza kukumbuka vitu: ada ya shule aliyonilipia kaka, miaka niliyokaa mjini bila kupanda kumwona mama. Daftari langu lilikuwa na ukurasa mmoja tu, wa kwake.

Mgeni pengine hajui kwamba masale yana kazi mbili kwetu Wachaga. Yanaonyesha mpaka wa kihamba. Na jani hilo hilo mtu hulibeba akienda kuomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito mno.

Jumamosi iliyopita kaka alikuja na jani. Sikumuuliza amelichuma wapi. Nililipokea kwa mikono miwili, tukanywa chai, mama akalia kidogo. Mpaka bado haujarudi mahali pake. Tumekubaliana wazee waje kuupima masika ikiisha, na nimemwambia wazi, zile hatua tatu nazitaka.