Mtengenezaji Amebana Wapi? Taa, Betri na Waya za Bei Nafuu Kusini mwa Pwani

Kila kifaa cha umeme cha bei nafuu kimebanwa mahali. Aliyeishusha bei ya taa ya sola hadi mvuvi wa Gazi na mkulima wa Kinango wakaimudu, lazima alipunguza kitu: mwangaza, ukubwa wa betri, unene wa waya au ubora wa mpira unaozuia maji. Kwa hiyo anayesimama mbele ya vibanda vya vifaa vya simu pale Ukunda ana swali zito kuliko bei: hiki kimebanwa wapi, na je, pale kilipobanwa ndipo mimi ninapokitegemea?

Nimekuwa nikivitumia vifaa hivi, nikivifungua na kuvipima kwa kipimo kidogo cha USB kinachoonyesha volti na ampea. Kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyosadiki kwamba pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Likoni hadi Vanga, ina majibu yake yenyewe. Huku kuna chumvi hewani, unyevu usiku kucha, joto la mabati mchana, na mapato yanayofuata pepo za kusi na kaskazi. Kifaa kilichosifiwa Nairobi hakina budi kupimwa upya kikivuka Likoni.

Nianze na taa ya sola, kwa sababu ndiyo iliyobuniwa kwa akili kuliko vyote. Mwaka 2007 Sam Goldman na Ned Tozun, waliokutana wakisoma Chuo Kikuu cha Stanford, walianzisha kampuni ya d.light. Goldman alikuwa ameishi Benin kama mfanyakazi wa kujitolea, na huko mtoto wa jirani aliungua vibaya kwa taa ya mafuta. Wakati huo vitu viwili vilikuwa vikishuka bei kwa pamoja: paneli na LED nyeupe. Hiyo nyeupe asili yake ni ya buluu, iliyopakwa unga wa fosfori ya manjano; ni ugunduzi ule wa LED ya buluu uliowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Wabunifu wa taa hizi ndogo walichagua kubana mwangaza, na hesabu yao inafuatika. Chukua paneli ya nusu wati. Ikipata jua kali kwa muda wa saa tano, inakusanya wati-saa 2.5. Ondoa hasara ya kuchaji na kutoa, zinabaki kama 1.75. LED nzuri hutoa lumeni 100 kwa kila wati moja. Ukiiwasha kwa wati 0.3 unapata lumeni 30 kwa karibu saa sita. Lumeni 30 ni kidogo ukilinganisha na balbu ya stima. Lakini koroboi ya utambi hutoa lumeni kumi hivi, tena na moshi wake. Mtoto akipewa mwanga wa koroboi tatu karibu na daftari, usio na moshi, kwa usiku wote wa kusoma, amepata anachohitaji. Hapa mtengenezaji alibana mahali pasipoumiza.

Asipobana ni kwenye betri, au ndivyo inavyopaswa kuwa. Taa nyingi za mwanzo zilikuwa na betri ndogo ya risasi na asidi, ambayo ikiachwa tupu kwa muda hufanya salfeti kwenye bamba zake na haifufuki. Taa zinazodumu leo hutumia lithiamu ya chuma na fosfeti, aina iliyotoka kwenye maabara ya John Goodenough huko Texas katikati ya miaka ya 1990. Haina kobalti, volti yake ni 3.2, na huvumilia joto kuliko betri ya simu. Inaweza kuchajiwa na kutumika mara 2,000 hivi kabla ya kuchoka, yaani zaidi ya miaka mitano ukiitumia kila usiku, wakati betri ya kawaida ya simu huanza kulegea baada ya mara 500 au zaidi kidogo. Katika nyumba ya mabati ya Lunga Lunga, tofauti hiyo ndiyo thamani yote ya taa. Ukisoma boksi, tafuta jina la betri kabla ya kutafuta idadi ya lumeni.

Kisha kuna uamuzi ambao wauzaji hawautaji: paneli iwe juu ya taa yenyewe, au iwe kando na waya wake? Paneli ikiwa juu ya taa, mtengenezaji ameokoa waya, plagi na tundu moja, na bei inashuka. Gharama yake ni kwamba taa nzima lazima ianikwe juani, na betri inapashwa joto kila siku kwa saa kadhaa. Paneli ikiwa kando, inapanda juu ya paa na taa inabaki kivulini ndani, lakini sasa kuna tundu lililo wazi kwa hewa.

Maoni yangu ni kwamba kaunti hii moja ya Kwale inahitaji jibu la namna mbili. Kinango na kwingineko bara, ambako ni kukavu na jua ni kali, nunua yenye paneli ya kando. Adui wa betri huko ni joto. Lakini Msambweni, Shimoni, Wasini na kote ambako upepo wa bahari unafika hadi kitandani, nunua yenye paneli juu yake. Tundu la kuchajia ndilo linalokufa kwanza kwa chumvi, na kifaa kisichokuwa na tundu hakina pa kuoza. Betri ikipata joto kidogo zaidi, ile ya chuma na fosfeti italistahimili. Futa tu kioo cha paneli kwa kitambaa chenye maji baridi kila baada ya siku chache, maana utando wa chumvi na vumbi hula mwanga bila kuonekana.

Kwale ni miongoni mwa kaunti 14 zilizowekwa kwenye mradi wa serikali na Benki ya Dunia wa kufikisha umeme wa jua mahali ambapo nyaya za stima hazijafika, mradi unaojulikana kwa kifupi kama KOSAP. Lakini kilichofikisha sola kwa wengi kabla ya hapo ni ubunifu wa malipo. M-Pesa ilizinduliwa mwaka 2007, na miaka mitano baadaye kampuni ya M-KOPA ikaanza kuuza seti za sola kwa malipo ya kila siku. Mpango wa mwanzo ulikuwa shilingi 40 kwa siku kwa siku 365, yaani shilingi 14,600 juu ya malipo ya kwanza. Ndani ya kisanduku kulikuwa na laini ya simu iliyowasiliana na kampuni: ukilipa, inafungua; usipolipa, inafunga.

Njia ya pili ya kufunga na kufungua kifaa ni ya vibonye, na kwa sehemu zenye mtandao hafifu naiona bora. Kifaa hakina laini. Kiwandani kimewekewa namba ya siri ambayo kampuni pia inaijua. Ukilipa, kompyuta ya kampuni inachanganya namba hiyo na hesabu ya malipo yako na kutoa msimbo, unaoupata kwa ujumbe. Unaubonyeza kwenye kifaa, nacho kinapiga hesabu ile ile; majibu yakilingana kinajiongezea siku. Msimbo uliokwisha kutumika haufanyi kazi tena, wala wa jirani hautafungua taa yako. Ujumbe unaweza kuupokea barabarani Ramisi ambako mtandao upo, ukaenda nao nyumbani ambako haupo.

Mfumo huu unaendana na bahari. Kusi ikivuma, bahari ikachafuka na mashua zikalala ufukweni, mvuvi asiyelipa wiki mbili anakosa mwanga kwa wiki mbili. Akipata samaki, anaendelea pale alipoachia. Hofu yangu ni pale kufuli hiyo hiyo inapohamishiwa kwenye simu. Mwaka 2020 Safaricom ilileta mpango wa Lipa Mdogo Mdogo wa simu za 4G kwa shilingi 20 kwa siku, na kampuni nyingine nazo zinauza hivyo. Simu ikifungwa, mtu hapotezi mwanga tu: anapoteza njia ya kupokea pesa, ya kumwita bodaboda usiku kwenda hospitali ya Msambweni, na pengine ya kupata hiyo kazi ambayo ingemlipia deni. Taa iliyozimwa inavumilika kuliko simu iliyofungwa, na mnunuzi aujue utofauti huo kabla ya kutia kidole. Mwaka 2023 kiwanda kimoja cha Athi River kilianza kuunganisha simu za Neon, ya chini ikiuzwa shilingi 7,499. Kwa anayeweza kuchanga hadi zifike, kununua taslimu simu ya kiwango hicho kuna amani zaidi. Kwenye simu za bei hiyo kilichobanwa kwa kawaida ni kumbukumbu, kwa hiyo usiijaze programu.

Pawabenki ndizo zenye udanganyifu mkubwa. Namba iliyoandikwa juu, tuseme 10,000 mAh, hata ikiwa ya kweli huhesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, na simu inachajiwa kwa volti 5. Zidisha: 10,000 mAh, yaani ampea-saa 10, kwa 3.7 ni wati-saa 37. Gawa kwa 5, unapata ampea-saa 7.4, yaani 7,400 mAh. Toa hasara ya kubadilisha volti, zinabaki kama 6,500. Hizo ndizo utakazozipata, na muuzaji mwaminifu huziandika kwa maandishi madogo nyuma. Anayetembeza watalii kwa mashua kutoka Shimoni anachaji simu yake mara moja na nusu hivi kwa kiasi hicho, na siku yake imekamilika.

Shida ni zile zinazodai 30,000 au 50,000 kwa bei ya chakula cha mchana. Huhitaji maabara kuzikamata. Betri za lithiamu zinazouzwa kwa kawaida hubeba wati-saa 200 hadi 250 kwa kilo. Wati-saa 37 basi haziwezi kukaa kwenye uzito ulio chini ya gramu 150, na ukiongeza kasha na saketi unakaribia 200. Ya 30,000 lazima ikaribie nusu kilo au kuipita. Ikiwa nyepesi kama simu, namba ni ya uongo. Nyingine zimewahi kufunguliwa zikakutwa na betri moja na mfuko wa mchanga wa kuongeza uzito, kwa hiyo uzito unathibitisha uongo lakini hauthibitishi ukweli. Betri ya silinda ya kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, inayopatikana kwenye tochi nyingi, haizidi sana 3,500 mAh. Yenye maandishi ya 9,900 iache pale pale.

Waya nao haupewi heshima yake. Waya wa shaba wa geji 28, wa mita moja, kwenda na kurudi una ukinzani wa karibu omu 0.43. Ukipitisha ampea 2, volti 0.85 zinapotelea njiani, na simu inapokea 4.15 badala ya 5. Simu ikiona hivyo inapunguza kasi, nawe unailaumu chaja. Wa geji 24 unapoteza volti 0.34 tu. Waya mfupi wa bei rahisi ni bora kuliko mrefu wa bei rahisi. Kwa shughuli hii sentimita 30 zinatosha.

Sasa chumvi, ambayo ndiyo mtihani wa mwisho wa vyote. Kifaa kilichoandikwa IP67 kimepimwa kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, mita moja, dakika 30. Akina mama wanaolima mwani Kibuyuni, wanaoingia majini na simu shingoni, hawafanyi kazi kwenye maji hayo. Na wengi huamini kwamba simu ikikauka imepona. Maji yanaondoka, chumvi inabaki. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75, chumvi hiyo hufyonza maji kutoka hewani na kuwa majimaji tena, na pwani usiku unavuka kiwango hicho mara kwa mara. Ukichomeka chaja asubuhi, umeme unapita kwenye majimaji hayo na kula pini za tundu. Ndiyo maana simu iliyolowa mwezi huu hufa mwezi ujao bila kuguswa na tone.

Dawa yake ni kuzima simu mara moja, kuifuta kwa kitambaa chenye maji baridi, kusafisha tundu kwa brashi laini na spiriti safi, kisha kuiacha ikauke kabisa kabla ya kuichaji. Usiitie kwenye mchele: mchele haugusi chumvi, na unga wake unaziba tundu. Kinga bora zaidi ni mfuko wa plastiki unaofungwa kwa klipu, wa bei ndogo kabisa, ambao naupendekeza kuliko kifaa chochote nilichokitaja.

Neno kwa mafundi, kwa sababu taa hizi zinafika kwao betri ikiisha. Betri ya chuma na fosfeti hujaa kwenye volti 3.65, ile ya kawaida ya lithiamu kwenye 4.2. Kwa macho zinafanana, maana umbo na kipimo ni kile kile. Ukiweka ya kawaida kwenye taa iliyoundiwa fosfeti, haitajaa zaidi ya sehemu ndogo, na mteja atarudi akisema umemuibia. Ukifanya kinyume, fosfeti itashindiliwa umeme kupita kikomo chake, itavimba na kuharibika. Soma maandishi kwenye ngozi ya betri. Ikiwa yamefutika, ijaze kwa chaja ya taa yake, iache itulie saa moja bila mzigo, kisha pima: ikisoma karibu 3.4 ni fosfeti. Betri hizi za 3.2 ni nadra kuziona kwenye maduka ya Ukunda, wakati zile za 3.7 zimejaa kila kibanda. Kampuni zinazouza taa kusini mwa pwani zikileta betri za akiba pamoja na taa mpya, taa nyingi zilizotupwa kwenye pembe za nyumba zitawaka tena wiki hiyo hiyo.